Land Rover kuukuu ya jeshi: isome rangi kabla hujaing'oa

Swali: Shikamoo fundi. Mimi niko Malindi, mtaa wa Barani. Babu yangu, Mungu amrehemu, alituachia Land Rover aliyoinunua kwenye mnada wa magari ya jeshi. Mwenyewe akisema ni gari la vita vya Hitler. Limepakwa rangi mara nyingi, nyingine kwa brashi, na sasa rangi inabanduka vipande vipande. Nataka nitoe yote mpaka chuma kibaki kitupu, kisha nilipake kijani cha jeshi. Fundi mmoja ananiambia nitumie grenda yenye brashi ya waya. Mwingine anasema kompresa na mchanga wa ufuoni. Mjomba naye anasema nilipake kostiki soda ya kutengenezea sabuni, rangi itajitoka yenyewe. Nifuate ipi? Na nikimaliza, kijani chenyewe ni kipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba wa mzee. Umefanya vyema kuuliza kabla hujawasha mashine. Katika njia hizo tatu hakuna hata moja ya kuitumia kwenye bodi ya gari hilo. Zote zitaliharibu, na ule mchanga utakuharibu na wewe. Tena sikubaliani na hilo wazo la kutoa rangi yote. Nitakueleza sababu, halafu nikwambie mimi ningelifanyaje.

Tuanze na umri, maana umri ndio unaotuonyesha ni rangi gani zimelala chini. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, vita vya Hitler vimekwisha tangu 1945. Kwa hiyo gari lako halikuviona vita hivyo. Malindi ndiyo iliyoviona, kwa kuwa ndege za Waitaliano ziliudondoshea mji huu mabomu mwaka 1940, na si ajabu mzee wa hapa kulihusisha kila gari la kijani na siku zile. Lako laweza kuwa la wakati wa Hali ya Hatari, siku za Mau Mau, 1952 hadi 1960, au la baadaye. Simama ubavuni ulitazame. Ikiwa bati la ubavu limenyooka moja kwa moja kutoka juu hadi chini, hicho kwa kawaida ni kizazi cha kwanza, kilichotengenezwa mpaka 1958. Ikiwa lina mbinuko kidogo chini ya usawa wa dirisha, ni la 1958 kuja huku. Tofauti hiyo ndogo itakusaidia sana baadaye utakapofika kwenye kuchagua rangi.

Sasa njoo kwenye bati lenyewe. Baada ya vita, chuma kilikuwa kwa mgao Uingereza, na kampuni ya Rover ikaamua bodi itengenezwe kwa alumini iliyochanganywa na magnesi kidogo, mchanganyiko ulioitwa Birmabright. Chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, ni ya chuma. Ukuta wa mbele unaotenganisha injini na dereva ni wa chuma pia, pamoja na fremu za milango. Na kwenye kingo za juu za bodi, katika magari mengi ya zamani, kuna vipande vya chuma vilivyochovywa kwenye zinki, rangi ya kijivu cha mabati. Hivyo ndani ya gari moja una metali tatu, na kinachoifaa moja kinaiangamiza nyingine. Watu wengi huanza kazi hii wakidhani wana kitu kimoja cha kusafisha, ndiyo maana wanaipata hasara.

Tafuta sumaku. Hata ya spika iliyokufa inafaa. Zunguka nayo gari zima ukiwa na chaki, uandike juu ya kila kipande: alumini pasiposhika, chuma panaposhika, zinki kwenye kingo za kijivu. Usishangae ikishika mahali pasipostahili, kwa sababu gari lililopita gereji nyingi huwa limetiwa viraka vya chuma. Na panapostahili kushika ikawa inashika kwa udhaifu, hapo pana fila, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi, nene chini ya rangi, na chini ya fila mara nyingi pana kutu. Kazi hii ni ya asubuhi moja, na ndiyo nafuu kuliko zote katika safari yako.

Ukishajua kila bati ni la nini, utaona mwenyewe kwa nini nakukataza. Kostiki soda inaila alumini. Haingoji hata rangi iishe, bali ikipata mkwaruzo tu inashuka mpaka kwenye bati, inachemka, inatoa povu na gesi ya haidrojeni inayoshika moto, na bati linabaki jeusi lenye vishimo. Ikiingia kwenye maungio, pale bati moja lilipolalia jingine na kupigwa ribiti, huwezi kuisuuza yote, nayo itaendelea kula huku wewe umeshapaka rangi mpya juu. Zinki nayo inaliwa vilevile. Mjomba wako hakusema uongo, kwani chuma kitupu hakiliwi na kostiki, na vipande vya chuma unavyoweza kuvifungua, kama bampa na vishikio vyake, vinaweza kuchovywa ndani ya pipa la plastiki na kutoka safi. Ila ni lazima uvae glavu ndefu za mpira na miwani ya kufunga macho pande zote, na soda ndiyo itiwe kwenye maji polepole, kamwe usiyamwage maji juu ya soda. Tone moja jichoni ni upofu. Kama nyumbani kuna watoto, achana nayo kabisa.

Grenda yenye brashi ya waya inalichimba bati la alumini, ambalo unene wake ni kama milimita moja na nusu au pungufu. Inalipasha moto mpaka linajikunja, na kisha unapata bonde ambalo hata nyundo ya fundi hodari hailirudishi sawa. Jambo baya zaidi halionekani siku hiyo: nyuzi za waya zinaacha chembe za chuma ndani ya alumini, na kwa hewa hii ya chumvi tunayovuta, kila chembe inaanza kutafuna bati linaloizunguka. Baada ya masika moja unaona vijipele chini ya rangi mpya, hujui vimetoka wapi. Kwa sababu hiyohiyo, hata kwa mkono usitumie brashi ya waya wa chuma kwenye alumini.

Mchanga wa ufuoni una balaa mbili. Ya kwanza ni chumvi. Ukiurusha kwa kompresa unaipigilia chumvi ndani ya chuma, na rangi yoyote utakayopaka juu yake itavimba kutoka chini. Ya pili ni silika. Ufuo wetu si wa matumbawe matupu, kwani mto Sabaki unamwaga baharini mchanga na udongo kutoka bara, ndio unaoigeuza bahari ya Malindi kuwa ya hudhurungi nyakati za mvua, na ndani ya mchanga huo mna silika. Ikipigwa kwa kasi inavunjika kuwa vumbi laini lisiloonekana, na vumbi hilo likishaingia mapafuni halitoki. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi na hauna dawa ya kuuponya. Uingereza ilizuia mchanga wa silika kutumika kwa kazi za namna hii tangu 1950. Hapa kwetu bado nawaona vijana wakiifanya kwa kitambaa tu usoni, na roho inaniuma kila ninapowaona, maana hicho kitambaa hakizuii kitu. Hata ukipata changarawe isiyo na silika, bati la bodi halistahimili mpigo wa kompresa. Linatanuka, linavimba katikati, na halirudi.

Kabla ya yote, chukulia kwamba rangi hiyo ina madini ya risasi. Magari ya jeshi ya miaka ile yalipakwa rangi zenye risasi, na praima yake, ile rangi ya kwanza inayoshika bati, mara nyingi ilikuwa na kromati, kemikali ambayo husababisha saratani ikivutwa. Kwa hiyo usipige msasa mkavu, hata eneo dogo. Msasa uwe wa maji, na kila kinachotoka kiangukie kwenye turubai. Tochi ya gesi usiiguse, kwa sababu moto wake unaigeuza risasi kuwa moshi, na alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 600 hivi bila kuwa nyekundu kwanza, basi utaona shimo kabla hujaona dalili. Vaa barakoa yenye vichujio vya vumbi jembamba, na nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto. Na kama una kuku wanaoparua uani, wafungie mpaka umalize na umeokota kila gamba la rangi. Kuku akidonoa magamba ya rangi yenye risasi, risasi hiyo inaingia hadi kwenye mayai.

Tumefika kwenye lile ninalolijali zaidi. Rangi ya gari la jeshi ni kumbukumbu. Babu yako hakukuachia karatasi nyingi, naona, lakini ameacha matabaka yale, na ukishayang'oa hakuna namna ya kuyarudisha. Kwa hiyo siku ya kwanza usitoe rangi. Fungua dirisha, yaani kidoa kidogo unachokisugua ili matabaka ya rangi yaonekane.

Chagua mahali pasipopata jua wala kusuguliwa na mikono: chini ya kiti, ndani ya mlango kwenye sehemu ya chini, au upande wa ndani wa boneti. Kata msasa wa maji namba 400, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, uuloweshe kwenye maji yenye tone la sabuni, usugue kwa mduara mdogo usiozidi upana wa sarafu. Katikati itashuka upesi kuliko pembeni, na matabaka yatajitokeza pete ndani ya pete. Ukifika kwenye bati simama, kisha panua kingo kwa namba 800 na umalizie na 1200, ukisuuza kila mara. Futa, dondoshea tone la maji safi juu yake, uangalie kwa kioo cha kukuzia. Utaona, tuseme, nyeupe ya nje iliyochakaa, chini yake buluu, halafu krimu, halafu kijani kizito kinachong'aa, halafu praima ya kijivu au ya manjano, halafu alumini. Angalia mipaka kati ya pete. Panapokuwa na ufito mwembamba mweusi kati ya rangi mbili, huo ni uchafu na jua la miaka: gari lilitembea likiwa na ile rangi ya chini kabla ya kupakwa nyingine. Pasipo na ufito, rangi mbili hizo zilipakwa kwa kazi moja, ya chini ikiwa ni andakoti tu, rangi ya kutangulia ile ya nje. Hivyo unaweza kuhesabu ni mara ngapi gari lilibadilishwa sura tangu kiwandani. Fungua madirisha mengine mawili matatu sehemu tofauti, kwa sababu mlango au boneti huenda vilitoka gari jingine.

Usiku, zima taa za uani, uweke tochi karibu kabisa na bati, mwanga ukipita sambamba nalo. Herufi na namba zilizopigwa kwa stensili huacha kingo zilizoinuka, na kingo hizo hutupa kivuli hata zikiwa chini ya rangi mbili tatu. Tafuta mbele, nyuma, na kwenye milango. Jeshi la Uingereza tangu 1949 lilitumia namba za gari zenye tarakimu mbili, herufi mbili, kisha tarakimu mbili. Ukiuona mpangilio huo umeshajua asili yake. Piga picha ukiwa umeweka rula pembeni, lalisha nailoni angavu juu yake uifuatishe kwa kalamu, halafu ushuke taratibu na msasa wa maji mpaka uzikute. Kibati cha namba kilichopigwa ribiti ndani ya gari usikifungue wala kukisugua, kisafishe tu kwa kitambaa chenye sabuni. Namba ya chesisi ukiwa nayo, British Motor Museum ya Gaydon, Uingereza, hutunza daftari za kiwanda na hutoa hati inayoonyesha gari lilitoka lini na kupelekwa wapi.

Hayo yakishaandikwa, uliza kila bati swali moja: rangi yako imeshika au haikushika? Chukua wembe, kata alama ya msalaba mpaka ufike kwenye bati, bandika utepe wa gundi juu yake, ukandamize kwa ukucha, halafu uuvute kwa ghafla. Kama kingo za msalaba zimebaki, rangi hiyo imeshika. Iache! Ipige msasa wa maji ipoteze kung'aa, na upake juu yake. Rangi iliyong'ang'ania bati kwa nusu karne na zaidi ni kinga bora kuliko praima yoyote utakayoipulizia uani. Kama imetoka na utepe, hapo ndipo pa kutoa. Katika magari mengi ya namna hii utakuta ndani ya bodi na chini ya boneti panapita jaribio, na sehemu zilizolala wazi juani, boneti na juu ya madigadi, ndizo zinazofeli. Basi kazi uliyoiogopa inapungua, na historia yako inabaki. Hata kwenye bati unalolitoa lote, acha dirisha moja mahali pa siri, lilinde kwa vanishi, ili atakayelirithi gari kwako alikute.

Kwa alumini iliyofeli, tumia dawa ya maji mazito ya kutoa rangi. Soma kopo kwanza. Ukikuta limeandikwa dichloromethane au methylene chloride, lirudishe dukani. Inafanya kazi upesi, lakini mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatuama, na mtu akiinama ndani ya bodi ya nyuma ya Land Rover anauvuta wote. Ukiingia mwilini unageuka kuwa gesi ileile ya kaboni monoksaidi inayoua watu kwenye jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Marekani ilizuia dawa hizo kuuzwa kwa watu wa kawaida mwaka 2019, baada ya vifo. Zipo nyingine zinazotumia benzili alkoholi. Ni za polepole, ila utaamka kesho.

Upolepole huo una tatizo lake kwenye joto letu, maana dawa inakauka kabla haijapenya. Fanya hivi. Sogeza gari kivulini, upake dawa nene kwa brashi, ukienda upande mmoja tu bila kurudiarudia, kisha uifunike papo hapo na shiti ya nailoni, uitoe hewa kwa kiganja. Kila baada ya muda inua kona moja ujaribu kwa kijiti. Rangi ikishavimba na kukunjamana, ikwangue kwa skrepa ya plastiki au ya mbao uliyochonga mwenyewe, kamwe si ya chuma. Tabaka la mwisho, praima, litakataa, basi rudia dawa pale tu palipokataa badala ya kukazana kwa nguvu. Usiipeleke dawa mpaka kwenye maungio. Bandika utepe wa karatasi uache upana wa vidole viwili kila upande, na sehemu hiyo uimalize kwa mkono na msasa wa maji.

Kwenye zile kingo za zinki, dawa hiyohiyo na kisuguo cha nailoni vinatosha. Usitie msasa mkali, kwani ukiiondoa ile kijivu umeondoa kinga yenyewe.

Chesisi na ukuta wa mbele ni kazi nyingine. Chuma kinavumilia, na hapa skrepa ya chuma na brashi ya waya ya mkono vinaruhusiwa, bado kwa unyevu. Anza kwa kugonga kwa nyundo ndogo urefu mzima. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio wa kufa. Chesisi za Land Rover ni maboksi matupu ndani, huoza kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo usipoteze wiki kusafisha kipande kinachohitaji kukatwa. Ukiwa na uwezo wa kuitoa bodi yote na kupeleka chesisi peke yake kwa wenye mashine ya changarawe isiyo silika, na wenye kofia za kupitisha hewa safi, fanya hivyo. Ila fungua kwanza breki na bearingi zote. Na usizipulize breki kwa kompresa, kwa sababu pedi za miaka ile zilikuwa na asbesto.

Sasa tazama pale alumini inapokutana na chuma, hasa chini ya milango na pembe za juu za ule ukuta wa mbele. Ukikuta unga mweupe unaotoka kwenye ufa na bati limevimba juu ya fremu, hiyo si rangi iliyochoka. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na Malindi maji ya chumvi yako hewani mwaka mzima. Kupaka juu hakusaidii. Fungua bolti, tenganisha, safisha pande zote mbili, paka praima zote mbili, halafu weka utepe mwembamba wa raba au gundi ya kuzibia katikati ili zisigusane tena. Bolti mpya ziwe zilizochovywa kwenye zinki, zipakwe grisi kabla ya kuingia. Kama muda wako ni mdogo na ukalazimika kuchagua sehemu moja ya gari zima ya kuitendea haki, chagua hii.

Jambo linalowashinda mafundi wa bara wakija pwani ni saa. Chuma ukikiacha kitupu hapa, jioni kina wekundu, na asubuhi umerudi nyuma. Kwa hiyo toa rangi ya bati moja tu kwa siku, na siku hiyohiyo lipate praima. Suuza kwa maji ya mvua au ya mfereji, usitumie ya kisima, kwa kuwa visima vyetu vingi vina chumvi. Kausha kwa kitambaa, futa kwa tina ya kuchanganyia rangi, na baada ya hapo usiliguse tena kwa mkono mtupu, kwani jasho nalo ni chumvi. Anza saa moja unusu asubuhi, praima iwe imekwisha pakwa kabla ya saa tisa alasiri, maana umande wa usiku ukiikuta mbichi imeharibika. Miezi mizuri ni ya kaskazi, Januari hadi Machi, mvua hakuna. Kusi linapovuma linaleta rasharasha ya bahari mpaka ndani ya mji, na masika usijaribu.

Alumini ipe praima yenye asidi ya kung'ata au epoksi iliyotengenezwa kwa alumini. Ile praima nyekundu ya risasi ambayo wazee bado huiamini usiipake kwenye alumini hata ukipewa bure, kwani inaleta ulaji uleule niliokueleza. Chuma kipe epoksi yenye zinki.

Uchafu wote, magamba, matope ya msasa na shiti zenye dawa, uutie kwenye debe lenye kifuniko. Usiuchome, usiuzike shambani, usiumwage chooni. Ni taka ya sumu, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ina orodha ya wabebaji walio na leseni ya kuichukua.

Swali lako la mwisho, kijani kipi. Usichague dukani. Kama gari ni la Uingereza la miaka ya 1950 au 1960, kijani chake cha kawaida kilikuwa kizito chenye kung'aa, Deep Bronze Green, namba 224 kwenye orodha ya rangi ya BS 381C. Kile kijani kisichong'aa chenye mabaka meusi, ambacho watu wengi hukidhania ndicho cha jeshi, ni cha baadaye, na kukipaka kwenye gari lenye ubavu ulionyooka ni kulivisha nguo ya mjukuu wake. Ukikuta kwenye dirisha tabaka la rangi ya mchanga, Light Stone, namba 361, huenda lilitumika nchi kavu za Uarabuni au zilizo jirani nazo kabla ya kufika huku. Mpelekee mchanganya rangi hiyo namba pamoja na kipande chenye dirisha ulilolisugua, kikiwa kimelowa maji, alinganishe mchana nje, si chini ya taa. Omba kopo dogo kwanza, upake nyuma ya mlango, ulitazame asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Likikubalika, ndipo uagize la gari zima, na kabla hujaliingiza barabarani uiandikishe rangi mpya NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, ili kitabu cha gari kifanane na gari.